Viza ya Mwenza ya Uingereza: Namna ya Kuandaa Faili Ukiwa Kisumu

Mwombaji wa viza ya mwenza anayeishi Kisumu, Siaya, Vihiga au Busia anapaswa kujua jambo moja kabla hajajaza ukurasa wa kwanza wa fomu: afisa atakayeamua ombi lake hajui Nyalenda wala Kondele, hakuwepo siku ng'ombe walipopelekwa kwa wakwe, na mara nyingi hatamwita kwa mahojiano. Atasoma faili. Lisilokuwamo katika faili, kwake halikutokea. Kwa sababu hiyo maandalizi ya viza hii si kazi ya kukimbizana na picha za pasipoti katika wiki ya mwisho, bali ni kazi ya miezi kadhaa ya kuhakikisha kwamba ndoa inayojulikana na ukoo mzima inaweza kueleweka pia na mtu asiyewajua kabisa, kwa maandishi peke yake.

Maelezo haya yanawahusu wanandoa ambao mmoja wao ni raia wa Uingereza au ana ukaazi wa kudumu huko, na mwenzake yuko huku nyumbani. Yule aliye huko nitamwita mdhamini, na aliye huku nitamwita mwombaji. Ni lazima nitofautishe mapema, kwa kuwa watu wengi wa kwetu walioko Uingereza wanafanya kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee kwa viza ya kazi, na wengine wako masomoni. Hao hawatumii njia hii. Mwenza wa mwenye viza ya kazi huomba kama tegemezi wake, na watunzaji wa wazee na wagonjwa walioomba viza hiyo kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuwachukua wenza na watoto wao. Wanafunzi nao walibanwa kuanzia Januari 2024, isipokuwa wachache, hasa wale wa shahada za juu za utafiti. Mtu akikuuzia viza ya mwenza ilhali mkeo au mumeo yuko huko kwa viza ya kazi au ya masomo, anakula pesa yako bure.

Viwango vya fedha nitakavyovitaja ni vya mwaka 2024 na 2025. Serikali ya Uingereza huvibadilisha, mara nyingi mwezi wa Aprili, kwa hiyo vithibitishe katika tovuti ya gov.uk wiki ile ile unayolipa.

Ndoa iwe na cheti

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zina hadhi sawa mbele ya sheria, na zote zinapaswa kusajiliwa. Katika eneo letu ugumu mkubwa uko kwenye ndoa ya kimila. Mahari yametolewa, wazee wamekula na kubariki, mke ameshapelekwa nyumbani, na kwa macho ya jamii hakuna kilichobaki. Lakini usajili wa ndoa za kimila ulianza kutekelezwa mwezi wa Agosti 2017 tu, na hadi leo familia nyingi huona cheti kama jambo la ziada. Kwa mwombaji wa viza, cheti ndicho msingi ambao mengine yote yanajengwa juu yake.

Sheria inataka wanandoa wa kimila wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za mila, kisha waombe cheti ndani ya miezi sita, na wote wawili wafike mbele ya msajili wao wenyewe. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowatesa wanaoishi mbalimbali. Mdhamini hupata likizo ya wiki mbili au tatu, akaja, siku zikaisha kwa kutembelea wakwe, kupeleka mahari na kuhudhuria ibada ya shukrani, naye akaondoka bila kukanyaga ofisi ya msajili. Mwaka mwingine mzima ukapotea. Pangeni safari hiyo kwa kuanzia na ofisi: ulizeni mapema ni stakabadhi zipi zinazohitajika, andaeni barua ya chifu, hati za kiapo, picha za sherehe na vitambulisho vya mashahidi kabla ndege haijatua, kisha wazee wapewe tarehe ya mahari itakayoacha siku za kazi za kutosha kwa msajili. Wazee wa kwetu huelewa wakielezwa kwa heshima na mapema. Wanachokataa ni kukimbizwa.

Wanaochagua ndoa ya kiserikali wana hesabu nyingine. Taarifa ya ndoa hutolewa kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, na kwa aliye na likizo fupi hilo linamaanisha ama kuianza kazi kabla hajafika ama kuomba leseni maalumu. Mdhamini wa kigeni atahitaji hati ya kuthibitisha kwamba hakuna kizuizi cha yeye kuoa au kuolewa. Hati hiyo huombwa katika ofisi ya usajili ya mtaa wake huko Uingereza, ambako taarifa yake hubandikwa kwa siku 28 kabla ya kutolewa, hivyo hawezi kuikumbuka akiwa uwanja wa ndege. Aliyewahi kuachana na mwenzake alete hukumu ya mwisho ya mahakama, na mjane au mgane alete cheti cha kifo.

Hapa niseme bila kuzunguka. Sheria yetu inazichukulia ndoa za kimila na za Kiislamu kuwa zinaweza kuwa za wake wengi. Uingereza haitoi viza kwa mke wa pili wakati mke mwingine yupo. Zaidi ya hayo, ndoa ya kimila iliyovunjika nyumbani tu, kwa watu kutengana au hata kwa mahari kurudishwa, bado haijavunjwa kisheria. Sheria ya 2014 inaruhusu wazee kusuluhisha kwa njia ya mila, lakini amri ya kuvunja ndoa hutolewa na mahakama. Kama mmoja wenu aliwahi kuolewa au kuoa kimila akiwa kijana, akaondoka, na mambo yakaachwa hivyo, zungumzeni na wakili kabla ya kufunga ndoa nyingine. Najua ni mazungumzo machungu na wengine huogopa kuwafungulia wakwe wapya habari za zamani. Hata hivyo, ndoa mpya iliyofungwa juu ya ndoa ambayo haijavunjwa inaweza kuhesabiwa batili, na hapo hakuna barua ya maelezo itakayoiokoa.

Majina yasome jina moja

Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, cheti cha shule, cheti cha ubatizo kama kipo, kadi ya benki na namba ya simu iliyosajiliwa M-Pesa. Viweke mezani pamoja uvisome herufi kwa herufi. Kwa watu wa magharibi mwa Kenya zoezi hili huleta mshangao. Mtoto aliandikwa Mary Atieno hospitalini, akawa Atieno Mary Ouma shuleni, kitambulisho kikaacha jina la baba, na pasipoti ikalirudisha. Mwingine ni Nekesa katika hati moja na Nekhesa katika nyingine. Wapo pia waliozaliwa nyumbani wakapata cheti cha kuzaliwa wakiwa watu wazima, na tarehe yake haikubaliani na ile ya shule.

Kwetu sisi hizo ni tofauti ndogo ambazo hata mwalimu mkuu alizifumbia macho. Kwa afisa asiyejua kwamba Atieno ni jina la aliyezaliwa usiku, na kwamba jina la baba huingia na kutoka katika hati zetu kwa mapenzi ya karani, hao wanaweza kuwa watu wawili. Kosa linaloweza kusahihishwa lisahihishwe kwenye chanzo chake, kuanzia cheti cha kuzaliwa kwenda kitambulisho, na kutoka kitambulisho kwenda pasipoti. Lisiloweza kusahihishwa kwa wakati lielezwe katika hati ya kiapo iliyoandaliwa na wakili, inayotaja kila jina na kila hati ambamo limetokea. Anayetaka kubadili jina kabisa atafanya hivyo kwa hati rasmi ya kubadili jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Wanawake wengi huniuliza kama wachukue jina la mume kabla ya kuomba. Maoni yangu ni kwamba usibadili chochote nusu nusu. Ama ubadili kitambulisho, pasipoti, benki na laini ya simu, vyote, na usubiri vitoke ndipo uombe. Ama uombe kwa jina lako la kuzaliwa na ubadili baadaye. Hakuna mahali katika kanuni za viza panapomtaka mke abebe jina la mume. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na watu wa ukanda huu wanaweza kupeleka fomu na kupigwa picha katika ofisi ya uhamiaji ya Kisumu badala ya kwenda Nairobi.

Ushahidi kwamba mnaishi kama mume na mke ingawa mko mbali

Kanuni zinataka wanandoa wawe wamewahi kuonana ana kwa ana, uhusiano uwe wa kweli na unaoendelea, na wawe na nia ya kuishi pamoja kwa kudumu. Cheti kinathibitisha kwamba ndoa ilifungwa. Hakithibitishi kwamba inaendelea. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari, na wanandoa wa mbali wanapaswa kuwa na daftari tangu mwezi wa kwanza, si baada ya kuamua kuomba.

Anzeni na fedha, kwa sababu hapo ndipo ushahidi mzuri hupotea kirahisi. Mdhamini hutuma pesa kwa laini ya shemeji kwa kuwa simu ya mkewe imeharibika, au laini ya mke imesajiliwa kwa jina la kaka yake tangu alipokuwa shuleni. Pesa imefika, karo imelipwa, lakini kwenye karatasi mdhamini amekuwa akimtumia mwanamume asiyejulikana. Sajili laini kwa jina lako mwenyewe, jina lile lililo katika pasipoti, na pesa za nyumbani zipitie hapo. Taarifa ya M-Pesa ya miezi mingi inaweza kuombwa kutoka Safaricom na kutumwa kwa barua pepe; iambatanishe na risiti za kampuni iliyotuma kutoka Uingereza, ili tarehe na viwango vikutane. Mahari yaliyotumwa kwa simu kwa baba mkwe pia ni ushahidi, ilmradi maelezo ya historia yenu yataje kwamba mtu huyo ni nani na pesa ile ilikuwa ya nini.

Safari za mdhamini kuja Kenya zithibitishwe kwa mihuri ya pasipoti, tiketi, kadi za kupandia ndege na risiti za mahali mlipolala. Mkienda Dunga kula samaki au Kakamega kuwasalimu wazazi, risiti moja na picha moja yenye tarehe zinatosha kwa siku hiyo. Picha mia mbili za harusi hazisemi zaidi ya kumi zilizochaguliwa vizuri. Chini ya kila picha andikeni ni lini, ni wapi, na walio ndani yake ni nani kwenu: mama mkwe, mjomba wa bwana harusi, mchungaji. Picha ya baraza la mahari ambayo kwetu haihitaji maelezo, kwa mgeni ni watu wamekaa chini ya mwembe.

Mawasiliano ya simu nayo yanahitaji uangalifu. Chagueni kurasa chache za kila mwezi zinazoonyesha maisha ya kawaida, kama vile kuulizana hali, kupanga karo, kugombana na kupatana, kuuguza mtoto, badala ya kupakia maelfu ya kurasa ambazo hakuna atakayezisoma. Jambo linalosahaulika na wengi ni lugha. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili, na mfasiri lazima athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na namna ya kumpata. Mazungumzo yenu ya Dholuo, Kiswahili au Lulogooli yasiyo na tafsiri hayatahesabiwa. Msijilazimishe kuanza kuandikiana Kiingereza cha kusomwa na afisa, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla hutia shaka. Fasirini mlichoandika kweli.

Juu ya vyote hivyo, kila mmoja aandike maelezo yake ya historia ya uhusiano, ukurasa mmoja au miwili, kwa maneno yake mwenyewe: mlikutana lini na kwa njia gani, mlionana ana kwa ana lini kwa mara ya kwanza, nani aliposa, familia zilikutana wapi, mmeishi pamoja siku zipi, na mnapanga kuishi wapi. Kisha kaeni kwenye simu mlinganishe tarehe. Mke akiandika kwamba mlikutana Desemba na mume aandike Januari, si lazima mmoja awe mwongo, lakini afisa hana namna ya kujua. Palipo na jambo litakaloibua maswali, kama tofauti kubwa ya umri, ndoa iliyofuata haraka baada ya kufahamiana kwenye mtandao, au sherehe ambayo wazazi wa upande mmoja hawakuhudhuria, lielezeni wenyewe kwa utulivu kabla halijaulizwa. Kadhalika, kunyimwa viza yoyote huko nyuma, hata ya matembezi, hutajwa. Udanganyifu katika ombi unaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10.

Kipato cha mdhamini

Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini anatakiwa awe na kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka pauni 18,600 zilizokuwapo tangu 2012. Ni takriban pauni 2,417 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa mtu wa mshahara aliyekaa na mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi, ushahidi ni stakabadhi za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo na barua ya mwajiri. Kila mshahara ulioandikwa katika stakabadhi lazima uonekane ukiingia benki kwa kiasi kile kile. Aliyebadilisha kazi karibuni hupimwa kwa njia nyingine inayotazama miezi 12, na aliyejiajiri hupimwa kwa mwaka kamili wa kodi. Mishahara ya kazi mbili inaweza kujumlishwa. Hati za kipato zisiwe zimepitwa kwa zaidi ya siku 28 kufikia siku ya kutuma ombi, na ndiyo maana mdhamini asianze kukusanya mapema mno wala asichelewe.

Mshahara au mapato ya biashara ambayo mwombaji anapata Kenya hayahesabiwi wakati wa ombi la kwanza, hata kama ana duka kubwa Kibuye au ni mwalimu mwenye mshahara mzuri. Kinachoweza kuhesabiwa, kwa mfano, ni akiba ya fedha, ya mmoja wenu au ya wote wawili, iliyo juu ya pauni 16,000 na iliyokaa kwenye akaunti kwa miezi sita mfululizo. Anayetegemea akiba peke yake anahitaji pauni 88,500. Fedha za mkopo hazikubaliki kama akiba, na pesa ya harambee iliyoingia juzi haijatimiza miezi sita. Kama mdhamini anapokea baadhi ya malipo ya serikali ya ulemavu au ya kumtunza mlemavu, kiwango cha pauni 29,000 hakimhusu. Ataonyesha tu kwamba mtaweza kujikimu bila kutegemea misaada ya umma.

Makao hayahitaji maelezo mengi: onyesheni mtaishi wapi kwa mkataba wa kupanga au hati ya nyumba, pamoja na barua ya mwenye nyumba inayokubali mtu wa pili aingie, na nyumba isiwe na msongamano.

Kiingereza na kipimo cha kifua kikuu

Wakenya wengi hupigwa na butwaa wakiambiwa wafanye mtihani wa Kiingereza baada ya kusoma kwa lugha hiyo tangu darasa la kwanza. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa, na matokeo ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, hayakubaliki. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mtihani wa kuzungumza na kusikiliza wa kiwango cha A1, ambao ni wa chini kabisa, kwa kampuni na kituo vilivyoidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza. Soma orodha rasmi kabla ya kulipa, kwani mtihani wa Kiingereza wa IELTS wa kuingilia chuo kikuu si lazima iwe ndiyo inayotakiwa. Ya pili ni ya mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza katika chuo chetu chochote, awe alisoma Maseno au Masinde Muliro. Huyo huomba taasisi ya Ecctis ithibitishe kwamba shahada yake inalingana na ya Uingereza na ilifundishwa kwa Kiingereza. Njia hii huwafaa wenye shahada ambao hawapendi kurudi kwenye chumba cha mtihani.

Kipimo cha kifua kikuu ni cha lazima kwa anayetoka Kenya kwenda kuishi zaidi ya miezi sita. Hufanywa katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, mjini Nairobi. Cheti cha hospitali nyingine, hata iwe kubwa namna gani, hakifai. Kipimo huanza kwa eksirei ya kifua. Ikiwa picha ina alama isiyoeleweka, huchukuliwa makohozi, na kuyaotesha maabara kunaweza kuchukua hadi wiki nane. Kwa aliyewahi kuugua kifua kikuu, jambo lisilo geni katika ukanda wetu na lisilo aibu hata kidogo, ni busara kwenda mapema na kubeba rekodi za matibabu. Wajawazito waseme hali yao kabla ya eksirei. Cheti hudumu miezi sita, kwa hiyo wengine wafanye kipimo hiki wakati mengine yote yamekaribia kukamilika.

Watoto

Mtoto aliye chini ya miaka 18 anayesafiri pamoja nawe, kama si raia wa Uingereza, ana ombi lake na ada yake. Kama ni wa uhusiano uliopita, afisa atataka kujua mzazi wa pili yuko wapi na nani amekuwa akimlea. Kauli kwamba baba yake alipotea haitoshi. Barua za shule zinazoonyesha ni nani aliyeitwa kwenye mikutano ya wazazi, kadi za kliniki, risiti za karo na hati ya kiapo ya bibi aliyemsaidia mama kulea ndizo zitakazoonyesha kwamba malezi yamekuwa mikononi mwako peke yako. Mzazi wa pili akiwa anapatikana, idhini yake iandikwe mbele ya wakili. Jambo hili lianzeni kabla ya lingine lolote, kwa kuwa linategemea moyo wa mtu ambaye huenda mna kinyongo naye.

Kulipa, kutuma na kwenda Nairobi

Ada ya ombi kutoka nje ya Uingereza ilipandishwa hadi pauni 1,938 mwezi wa Aprili 2025. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya miezi 33 hufika pauni 3,105. Mnazungumzia zaidi ya pauni 5,000 kabla ya nauli, mtihani, kipimo na tafsiri. Ombi likikataliwa, ada ya afya hurudishwa lakini ada ya viza hairudi. Familia zote mbili zielezwe hesabu hii mapema, kwa sababu nyumbani wengi hudhani kwamba aliye Uingereza anachelewesha kwa kukosa mapenzi, ilhali anakusanya.

Fomu hujazwa mtandaoni, kisha mwombaji hupanga miadi ya alama za vidole katika kituo cha VFS Global, kampuni inayopokea maombi ya viza, Nairobi. Kutoka Kisumu safari hiyo ni usiku mmoja wa basi au chini ya saa moja kwa ndege. Lala Nairobi usiku wa kuamkia miadi kama uwezo upo, maana basi likikwama Mau Summit miadi haitakusubiri. Hati zote huwa zimeskaniwa na kupakiwa kabla ya siku hiyo. Skani ya saiba, yaani duka la intaneti, iliyopinda, yenye kivuli cha kidole na nusu ya muhuri, inaharibu kazi ya miezi. Simama pale saiba, fungua kila faili mwenyewe, ulipatie jina linaloeleweka, na usiache nakala za pasipoti yako kwenye kompyuta ya watu. Nywila ya akaunti ya ombi ishikwe na ninyi wawili tu.

Mkihitaji msaada, Uingereza ina mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji, iitwayo Immigration Advice Authority tangu Januari 2025, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Hapa nyumbani tumieni wakili aliyesajiliwa kwa ajili ya viapo na masuala ya ndoa. Wakala anayekuahidi kwamba ana mtu wake ndani ya ubalozi, mkimbie siku hiyo hiyo.

Wakati wa kusubiri na baada ya jibu

Muda unaotajwa rasmi kwa maombi ya kutoka nje ni wiki 12, na yapo yanayozidi. Usiache kazi, usiuze ng'ombe wala usinunue tiketi kabla ya jibu. Endeleeni kuhifadhi mawasiliano, kwa maana afisa anaweza kuomba nyongeza.

Viza ikitoka, inakuruhusu kuishi na kufanya kazi kwa miezi 33, bila haki ya misaada ya umma. Kabla haijaisha utaomba kuongezewa miezi 30, na hapo swali litakuwa kama mmekaa pamoja kweli. Tangu wiki ya kwanza ya kufika, jina lako liingizwe kwenye mkataba wa nyumba, bili, benki na daktari, ili barua kutoka sehemu mbalimbali zifike kwa majina yenu yote mawili katika anwani moja.

Ikikataliwa, soma barua ya sababu neno kwa neno pamoja na mdhamini kabla ya kuwaambia ukoo. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu kupokea uamuzi kukata rufaa mbele ya baraza la uhamiaji kwa misingi ya haki za binadamu. Kama sababu ni hati iliyokosekana, mfano stakabadhi ya mshahara ya mwezi mmoja au tafsiri isiyo na sahihi, kuomba upya kwa faili lililorekebishwa mara nyingi huwa haraka kuliko rufaa, ingawa ada hulipwa tena. Kama afisa amekataa kuamini ndoa yenyewe ilhali ushahidi ulikuwamo, rufaa ndiyo njia inayofaa, na hapo mshauri aliyesajiliwa atafutwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu siku 28 zinahesabu pia Jumamosi na Jumapili.